Maji Yalipomkimbia Telesphor

Kitu cha kwanza kilichomtia Armelle kinyaa asubuhi ile kilikuwa minyoo ya chambo. Ilikuwa minene kama vidole, inajikunja ndani ya gazeti lililolowa, na babu yake aliishika kwa mikono ileile aliyomegea mkate.

"Bibi yangu, unakunja uso kama muzungu," Telesphor alimtania. Kwao Uvira, Kongo, babu humwita mjukuu wa kike mkewe, na mjukuu hujibu anavyotaka.

"Mume gani ananuka hivi? Nitatafuta mwingine mtaani kwetu Barking."

Mzee alicheka. Alikuwa amevua ziwani Tanganyika tangu utotoni. Sasa mikono yake ilitetemeka, na furaha yake iliyobaki London ilikuwa boti ndogo ya rafiki yake Tarsem, kule mto Thames unapoingia baharini. Tarsem alitoa sharti moja tu: mzee asitoke peke yake. Laurette, mama yake Armelle, alikuwa na lake. Tumbo la baba yake lilikuwa limelegea, na mwezi uliopita alijichafua ndani ya basi.

"Ikitokea tena, baba, mambo ya boti yamekwisha," Laurette alimwambia.

Basi Armelle aliongoza injini, akatia nanga, na vidole vya babu vilipokataa, akafunga ndoana yeye, huku amegeuza uso. Telesphor alichagua pembe tulivu karibu na ukingo. Tarsem alikuwa amemwonya kwamba huko maji hupwa, asikae sana. Mzee aliitikia kwa heshima tu. Ziwani, maji unayoyaacha asubuhi ndiyo unayoyakuta jioni.

Walipoinua macho, boti ilikuwa imekaa juu ya matope meusi. Yalinuka mayai viza na choo. Vitambaa vya kujipangusia vilivyotupwa chooni vilitandaa kote kama ngozi zilizochunwa.

"Armelle, maji yamekwenda wapi?"

"Baharini, Babu! Tarsem alikwambia!"

"Nilidhani ni maneno ya mtu mwoga."

Akanyanyua mguu ashuke aisukume boti, kama alivyozoea. Armelle alimdaka mkanda, kwa kuwa matope yale yangemmeza hadi kiunoni. Wakavutana, mzee akaanguka kitako.

"Geuka, mtoto wangu," alisema.

Hakumwita bibi. Armelle alinusa, akaelewa. Mate yalimjaa mdomoni, akainama ukingoni mwa boti akatapika. Alipomaliza aliona babu amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

Armelle alivua skafu yake, akachota maji yaliyotuama chini ya injini.

"Mume wangu, siku ya kuolewa hawakuniambia haya."

Chini ya kofia ikatoka sauti, nusu kicheko nusu kilio. "Rudisha basi mahari yangu."

"Mahari gani? Ulileta visamaki vya ndagala. Tena vilivyooza. Inua mguu."

Alimsafisha hivyo, akimtukana kwa upole, akipumua kwa mdomo. Alifua suruali, akaitupa skafu matopeni. Kinyaa hakikuisha.

"Laurette atajua," mzee alisema. "Nimevua mara ya mwisho."

Armelle alikamua suruali, akamvisha tena.

Alasiri maji yalijaa, wakarudi. Tarsem alikuwa gatini na lawama zake tayari. Harufu ikamfikia, akazimeza, akaenda kutandika magunia kwenye viti vya gari lake bila kuuliza kitu.

Kabla ya kupanda, Armelle alishuka ukingoni. Alichota matope kwa mikono miwili, akajipaka mapajani, kisha akampaka babu.

"We mutoto, una wazimu?"

"Tulia, Babu."

Nyumbani Laurette alifungua mlango akaziba pua. "Mungu wangu! Nani ananuka hivi?"

"Mimi, mama. Niliteleza matopeni, Babu akanivuta nje."

Laurette aliwatazama wote wawili, juu mpaka chini.

"Mzee wa watu amvute mtu mzima kama wewe! Ingia, baba, ukaoge kwanza. Wewe baki hukohuko."

Telesphor aliingia polepole. Armelle alibaki barazani kwenye baridi, matope yakimkaukia mapajani, akijizuia asitapike tena.