Sugu za Enoch Pettiford

Saa mbili asubuhi, Jumatatu ya pili ya mwezi wa Machi, Enoch Pettiford alivua koti, akaketi kwenye kiti kirefu katika ghorofa ya juu ya duka la matandiko ya farasi mjini Newark, akalaza banjo pajani. Mbele yake zilimkodolea pembe sita za bati. Kila pembe ilikuwa imeungwa na mashine yake ya kunasa sauti, na kila mashine ilikuwa na silinda ya nta. Madirisha yalikuwa yamefungwa na jiko limewashwa, maana nta ikiwa baridi hainasi sauti. Bwana Oberholt, msimamizi, aliziwasha mashine moja baada ya nyingine, akainua kidole.

Enoch akavuta pumzi, akapaza sauti ndani ya pembe: "Gwaride la Bustanini! Banjo peke yake! Limepigwa na Bwana Merritt Lathrop wa East Orange!"

Kisha akalipiga yeye.

Alipiga dakika mbili kasoro. Mashine zikasimamishwa, silinda zikatolewa, nyingine zikawekwa, kidole kikainuka, naye akaanza upya na Bwana Lathrop wake. Kampuni ile haikuwa na mashine ya kunakili. Watu mia sita wakiutaka wimbo, wimbo ulipigwa mara mia moja, na mpigaji akikohoa katikati, silinda zote sita zilirudi kwenye mashine ya kisu zikakwanguliwa, sauti ikafutika. Kufikia adhuhuri Enoch alikuwa amelitaja jina la Merritt Lathrop mara ishirini na mbili, na mwenye jina hajawahi kupanda ngazi zile hata siku moja.

Lathrop ndiye aliyekuwa kwenye kijitabu cha mauzo, na masharubu yake na nishani kifuani. Aliwafundisha banjo mabinti wa watu wenye nafasi. Alikuwa mtu mpole na mpigaji wa kawaida tu. Bwana Oberholt alisema wateja wanataka banjo ya mtu wanayeweza kumkaribisha sebuleni, na Enoch, kwa rangi yake, asingekaribishwa hata barazani. Tangazo lilikuwa kazi ya msimamizi, lakini kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na vumbi la nta, na sauti ya Enoch ilikuwa nene, inakata nta vizuri.

"Utatamka wewe," alimwambia siku ya kwanza. "Jina ni kelele tu, Enoch. Kelele kidogo, halafu unapiga."

Enoch akakubali. Alikuwa amewahi kutamkishwa mambo mabaya zaidi kwenye vilabu vya kuuzia chaza, na huko hakukuwa na jiko. Hata wimbo wenyewe haukuwa na jina mpaka kampuni ilipoupa hilo la bustani. Aliufundishwa na mama yake, Bi. Keziah, kwa banjo ya kibuyu, kule Northampton, Karolina ya Kaskazini, na bustani waliyokuwa nayo ilikuwa mistari minne ya viazi vitamu.

Jumanne ile Enoch aliamka akakuta sugu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto haipo. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Jumatano ikaondoka ya kidole cha kati. Kufikia Ijumaa hakuwa na sugu hata moja, na nyuzi zilimkata vidole akawa anapiga huku damu inamchuruzika mpaka kwenye ngozi ya banjo. Bwana Oberholt alimpa kitambaa. Damu, alisema, haisikiki kwenye nta, kwa hiyo si neno.

Jumatatu ikaja barua. Bwana Oberholt akaisoma kwa sauti, kwa kuwa ilihusu kazi.

"Bwana Lathrop anasema vidole vyake vimeota sugu kama za mpakia mizigo, na glavu yake ya kanisani haiingii. Anaomba upunguze."

"Nipunguze nini?"

"Hakusema. Nguvu, labda."

"Nikipunguza nguvu pembe hazitasikia."

"Nami ndivyo nitakavyomjibu," alisema Bwana Oberholt, akaiweka barua kwenye jalada la malalamiko.

Wiki iliyofuata yalihama maumivu yake ya mgongo, na hayo Enoch hakuyadai. Lakini Alhamisi mama yake hakuja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bi. Keziah alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alifika kwa miguu nyumbani kwa Enoch, akalalamika juu ya barabara, akavua kofia yake ya majani makavu na kukaa karibu na jiko. Hakula sana. Aliinusa mboga ya majani iliyopikwa na mfupa wa nguruwe, akasema chumvi imezidi, halafu akamwambia mwanawe apige. Enoch alipiga, naye akamkosoa kidole gumba. Mtaani kwetu walikuwapo wengi waliotembelewa na wazee wao, wengine mara mbili kwa wiki, na hakuna aliyewahi kulaumu ila kwa habari ya viti.

Alhamisi ya pili hakuja. Ya tatu vilevile. Luvenia, mke wa Enoch, alikuwa mfua nguo na mikono yake haikuwa na muda wa mchezo. Alitua sufuria mezani kwa kishindo.

"Wiki tatu nampikia mkate wa mahindi, Bwana Pettiford. Wiki tatu! Kama hataki kuja, aseme. Kufa si sababu ya kukosa adabu."

"Labda barabara mbovu."

"Barabara ilikuwa mbovu tangu azaliwe. Hebu lete hiyo mikono." Akaigeuza kwenye mwanga. "Tazama! Mikono ya mchungaji wa kanisa! Mimi nafua mpaka kucha zinabanduka, wewe unarudi na vidole kama siagi. Hizo sugu umempa nani?"

"Zimekwenda East Orange."

"Na mgongo?"

"Huko huko."

Luvenia akaketi. Alikuwa mwanamke mwepesi wa hesabu za aina hiyo. "Basi na mama yako yuko huko," alisema. "Ewe mwanamume! Mama mzima umemtangaza mwenyewe, kwa mdomo wako, mara arobaini kwa siku! Acha hiyo kazi kesho asubuhi."

Kesho yake Enoch alikwenda bandarini. Msimamizi wa wapakiaji alimwambia anyooshe mikono, akavitazama viganja, akawaita wenzake nao waje watazame. Saa nne Enoch alikuwa amerudi kwenye kiti chake kirefu, na barua ya pili ilikuwa inamngoja.

Bwana Lathrop aliandika kwamba bibi mmoja mweusi, mwenye kofia ya majani makavu, huingia sebuleni kwake kila Alhamisi, hukaa kwenye kiti cha mkewe na kumwita mwanangu. Wanafunzi wawili wameacha masomo. Hata hivyo alitaka haki itendeke: upigaji wake ulikuwa umepata nafuu kubwa.

Alhamisi Enoch aliomba ruhusa, akapanda tramu. Mtumishi wa akina Lathrop alimpitisha mlango wa nyuma, akamsimamisha jikoni, na kutoka hapo aliisikia sauti aliyoijua.

"Kidole gumba kiache kitembee chenyewe, mwanangu. Unakishika kama mbuzi wa sokoni."

Bwana Lathrop alikuja jikoni mwenyewe, banjo mkononi, amechoka sana. Vidole vyake vilikuwa na sugu nzuri, Enoch akazitambua moja moja. "Pettiford? Nimefurahi umekuja. Zungumza naye. Mimi hanisikilizi, na nina wageni saa moja."

Bi. Keziah alikuja akasimama mlangoni. Akamkumbatia mwanawe, akauliza hali ya Luvenia, akauliza kama bado anazidisha chumvi.

"Mama, twende nyumbani," alisema Enoch. "Anayepiga ni mimi."

"Mimi huja kwa yule anayepiga wimbo wangu. Sina njia nyingine ya kuja."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Enoch, usinihadae. Nilisikia kwa masikio yangu. Sauti ilikuwa yako, nami naijua sauti yako kuliko unavyoijua wewe. Ulisema ni Bwana Merritt Lathrop wa East Orange. Ukasema tena. Siku nzima unasema." Akamtazama kwa macho makali. "Uongo nilikuchapia ukiwa na miaka sita, nyuma ya banda la kuku, na baada ya hapo hukunidanganya tena. Sasa niseme mwanangu ni mwongo?"

"Ni kazi tu, mama. Jina ni kelele."

"Basi piga kelele nyingine," alisema Bi. Keziah, akarudi sebuleni, maana mwanafunzi wake alikuwa amekosea tena.

Ijumaa asubuhi pembe zilikuwa sita kama kawaida na jiko lilikuwa jekundu. Bwana Oberholt akainua kidole. Enoch akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akapaza sauti kuliko siku zote: "Wimbo wa Keziah Pettiford wa Northampton! Banjo peke yake! Umepigwa na Enoch Pettiford, mwanawe!"

Akapiga. Katika mzunguko wa kwanza wa wimbo sugu ya kidole cha shahada ilirudi, ngumu, mahali pake. Katika wa pili ikarudi ya kidole cha kati. Uzi mfupi, ule wa kidole gumba, ulilia ulivyolia utotoni mwake, na Enoch akacheka kimoyomoyo, maana alisikia mlango wa barabarani unafunguliwa na mtu anapanda ngazi polepole, ananung'unika kwamba ni nyingi. Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Wimbo ulipokwisha, miguu ilikuwa imefika kwenye ya tisa.

Bwana Oberholt hakuwa amekasirika. Alizitoa silinda zote sita, akazipeleka mezani na kuifunga ya kwanza kwenye kisu.

"Utajiharibia siku, Enoch," alisema. "Hizi sina wa kumwuzia."

"Moja tu, Bwana Oberholt. Moja uiache. Siiombi ya kuuza."

"Nta ni ya kampuni."

Akazungusha mpini. Nta ikatoka kama maganda ya tufaha, marefu, ya kahawia, yakaanguka kwenye ndoo. Kwenye ngazi miguu ilipanda ya kumi, ikapanda ya kumi na moja. Bwana Oberholt akakwangua ya pili, ya tatu, ya nne. Miguu ikasimama. Enoch alishuka kwenye kiti akaenda mbio mpaka kwenye mlango, akaufungua. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mkono kwenye ukuta, kofia imekaa upande.

"Mama, panda. Zimebaki chache."

"Enoch? Nimefuata nini huku?" alisema Bi. Keziah. "Hebu nikumbushe. Nilikuwa nakuja kwa jambo la maana."

Enoch alifungua kinywa amwambie. Nyuma yake mpini ukamaliza silinda ya sita, ukanyamaza.

"Basi, nitakumbuka njiani," alisema mama yake. Akageuka, akashuka akilaumu ngazi, na mlango wa barabarani ukafungwa. Vidole vya Enoch vilikuwa laini tena. Bwana Oberholt alikuwa amekwisha kuweka silinda mpya, na kidole chake kilikuwa juu kinangoja.

Kampuni haikuwa na roho mbaya. Ilipopata habari kwamba mama wa mfanyakazi wake anapokea wageni East Orange siku za Alhamisi, iliamua kwa maandishi kwamba Enoch aruhusiwe kutoka nusu saa mapema, mradi awe amemaliza idadi yake. Bwana Lathrop naye alikubali, kwa masharti kwamba apite mlango wa nyuma na asilete banjo, ili bibi asichanganyikiwe. Luvenia aliposomewa masharti hayo alisema neno ambalo mchungaji hapaswi kulisikia, kisha akafunga kipande cha mkate wa mahindi kwenye kitambaa ampelekee mama mkwe wake.

Kwa hiyo kila Alhamisi Enoch hukaa jikoni kwa akina Lathrop, kwenye kiti kilicho karibu na ndoo ya makaa, na kusikiliza mama yake anavyomfundisha mtu mwingine wimbo wao. Bwana Lathrop anaendelea vizuri sana. Siku hizi hata wageni wake humsifu kidole gumba.

Somo likiisha, Bi. Keziah huja jikoni, huunusa mkate, husema ni mkavu. Wiki iliyopita alikaa kidogo zaidi. Alichukua mikono ya mwanawe, ambayo Enoch alikuwa ameifunga vitambaa, akavifungua vitambaa hivyo kimoja kimoja na kuvitazama vidole. Vilikuwa vimechanika, lakini jikoni mle mwanga ulikuwa hafifu, naye alipapasa tu juu juu.

"Mikono laini hivi," alisema. "Unafanya kazi gani siku hizi, mwanangu?"

Enoch akasema anafanya kazi ya nta.

"Vizuri," alisema mama yake, akampigapiga kiganjani kwa furaha. "Nilimwomba sana Mungu akupe kazi isiyochosha."