Lori la Mita Nne na Nusu

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, mpangaji njia wa idara ya usafi alifungua kalamu nyekundu, akasogeza kiti karibu na ramani iliyobandikwa ukutani, na kufuta mtaa mmoja. Mmoja tu kwa wiki. Mkurugenzi aliagiza hivyo kwa maelezo kwamba wananchi hawapendi kushtuliwa. Wenzake walimwita Rula, kwa sababu ya rula ya plastiki aliyoichomeka kwenye mfuko wa shati, na ambayo siku za joto alijikunia mgongo.

Mitaa ilifutwa kwa ajili ya lori. Lori jipya la taka lilizinduliwa mwezi wa kwanza uani kwa idara, likiwa na utepe puani, na wapiga picha wakaomba milango yake miwili ifunguliwe ili viti vionekane, maana vilikuwa bado na nailoni. Karani wa vipimo, ambaye naye alitaka kutokea kwenye picha, alinyoosha futi yake kutoka ukingo wa mlango huu hadi ukingo wa mlango ule, akaandika: upana, mita nne na nusu.

Dereva, mzee mmoja aliyeitwa Gia, alisema kwa upole, "Jamani, si mfunge milango kwanza?"

Mkurugenzi akamwambia kwamba kupima kumeshapimwa. Zikawekwa sahihi tatu, mhuri, na nakala nne.

Lori lenyewe lilikuwa na mita mbili na nusu. Lilikaa na upana huo kwa siku tisa. Siku ya kumi Gia alilikuta limeshafikia faili: mita nne na nusu, milango ikiwa imefungwa, na kiti chake kimekuwa kipana kama kochi la sebuleni. Halikutoka getini. Fundi alilizunguka, akalipiga tairi teke, akasema magari mapya yana kawaida ya kujiweka sawa na karatasi zake. Nguzo mbili za geti zikabomolewa, lori likaenda kazini.

Kanuni ilitaka lori libaki na nafasi kidogo kila upande, kwa hiyo barabara yoyote isiyofika mita sita iliitwa nyembamba, na kazi ya Rula ikawa kupanga njia zinazoikwepa. Jiji lilikuwa na mitaa sitini na mmoja. Iliyofika mita sita ilikuwa kumi na minne, na yote, kwa bahati ambayo haikumshangaza mtu, ilikuwa ile yenye mageti, bustani, na mbwa waliokula vizuri kuliko Rula. Taka za huko zilikuwa majani makavu na maboksi ya televisheni. Gia alisema kuzoa taka za kule ni kama kwenda kusalimia.

Kichochoro cha mama yake Rula kilikuwa na mita tatu. Rula alikipitisha nyuma ya mingine kwenye orodha mara nyingi kadiri alivyoweza, lakini wiki ya arobaini na saba hakukuwa na pengine pa kukificha. Alikifuta saa mbili na dakika tano, akafunika kalamu, akaenda kunywa maji.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa mlangoni ili ipate mwanga. Wiki ya kwanza taka zilikuwa mifuko tu, imefungwa vizuri, inaona haya. Wiki ya tatu mifuko ilipasuka. Nepi, matumbo ya samaki, nywele kutoka kwa kinyozi na mabaki ya sufuria za nyumba ishirini na mbili yakachanganyika hadi yakawa kitu kimoja chenye joto lake. Kitu hicho kilitoa maji ya rangi ya chai iliyolala, yenye utando wa njano juu, na ndani ya utando walielea funza weupe, wanene, wenye sura ya kuridhika na maisha. Nzi walizidi hadi watu wakajifunza kucheka wakiwa wamefunga mdomo. Wiki ya sita lundo lilifika usawa wa kitasa cha mlango, na mama akawa anaingia na kutoka kwa dirisha la nyuma.

Wateja walianza kurudisha nguo. Mmoja alirudisha gauni la sherehe, akasema mshono hauna kasoro hata kidogo, ila kila alipolivaa, watu waliokaa karibu naye walikuwa wanakagua nyayo za viatu vyao.

Rula alipokwenda kumsalimia, mama yake alimpokea dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi ni wewe unayechora njia za lori?"

"Ni mimi."

"Nilikusomesha ujue kuchora. Sikujua wa kwanza kufutwa nitakuwa mimi."

"Wa arobaini na saba, mama."

"Ahaa. Basi ahsante kwa kunipangia foleni." Alimpa mkono akampandisha dirishani, na walipokuwa wamesimama ndani, nzi wakitembea kwenye nyusi zao, aliacha utani. "Nina nguo za watu kumi humu ndani, na zote zinanuka. Zikirudi hizi, sina kazi tena, na mimi siwezi kazi nyingine. Usiniletee manukato. Niletee lori."

Kesho yake Rula alipanda ghorofa ya pili kwa mkurugenzi. Ofisi ile ilikuwa na pipa dogo lililomwagwa mara tatu kwa siku, likiwa na kitu au halina. Mkurugenzi alikuwa anachokonoa meno kwa kibanio cha karatasi. Alichopata huko alikitazama kwanza, kisha akakila.

"Mkubwa, ni kuhusu lori. Lilipimwa milango ikiwa wazi. Tukiandika mita mbili na nusu, nadhani litarudi lilivyokuwa, na mitaa mingi itapitika, hata kichochoro cha mama yangu."

"Ile faili nani aliitia sahihi?"

"Wewe, mkubwa."

"Kwa hiyo nilikosea."

Rula alitazama pipa.

"Sijasikia," alisema mkurugenzi.

"Hukukosea, mkubwa."

"Basi lori lina mita nne na nusu. Hebu tuangalie upande wenye tatizo. Hicho kichochoro chenu kina mita ngapi?"

"Tatu."

"Nani kasema?"

"Nilipima mwenyewe."

"Pima tena. Hapo hapo ulipokaa." Alimsukumia fomu. "Sita ni namba nzuri. Hujaiona?"

Rula alikuwa ameshaona lori lilivyofanya. Alijua pia kwamba mita tatu haziwezi kutoka hewani, na kwamba huku na huku kulikuwa na nyumba za watu. Lakini puani alikuwa bado na dirisha la mama yake, na harufu ile haikumwachia nafasi ya kufikiria hatua ya pili. Akaandika sita. Mkurugenzi aliibana fomu na nyingine kwa kibanio kile kile, kikiwa bado na umajimaji.

Siku kumi baadaye kichochoro kiliamka na mita sita. Hakuna kilichovunjika. Kuta za mbele zilikuwa zimerudi nyuma kwa adabu, mita moja na nusu kila upande, pamoja na rangi zake, misumari yake na kalenda zilizotundikwa kwa ndani. Nyumba ya mama, ambayo tangu mlango hadi ukuta wa nyuma ilikuwa na mita mbili na nusu, sasa ilikuwa na moja. Mama alikuwa amekisimamisha kitanda, na kwa kuwa alipenda kulala kitandani, alijifunga nacho kwa shuka ili asianguke. Cherehani aliigeuza ubavu. Kinyozi alimnyoa mteja upande wa kulia ndani, kisha wakatoka nje wote wawili kumaliza upande wa kushoto. Jirani mmoja alimpeleka mumewe kwa ndugu zake hadi apungue.

Lundo halikupungua. Lilichofanya ni kujitandaza, kwa kuwa limepata nafasi. Kitu kilichokuwa kirefu kikawa kipana, na funza waliokuwa wanakaa chini wakapata jua.

"Ingia ubavu ubavu," mama alimwambia Rula. "Usipumue sana, utanisukuma. Haya, nyumba nimeitoa. Lori lije lini?"

"Jumatano, mama."

Jumanne karani wa vipimo alikuja na futi yake kuhesabu vituo, kwa sababu lori husimama penye nyumba, na lazima nyumba zihesabiwe. Kwa kanuni za idara, jengo ambalo kina chake hakifiki mita mbili si nyumba, ni ukuta. Karani alipima upande mmoja, akapima upande wa pili, akaandika: kuta mbili, ndefu. Vituo: hakuna. Ukuta hautoi taka.

"Ndani ya huo ukuta yumo mama yangu," alisema Rula.

Karani aliikunja futi yake polepole. "Anaweza kuwemo," alisema. "Mimi sikutumwa kupima watu."

"Na hizi taka unazokanyaga?"

"Hizo zinapita njia tu."

Na kwa kuwa kichochoro sasa kilipitika, ramani ilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelijua: kilikuwa ndiyo njia fupi kuliko zote kutoka mitaa ya mageti hadi jalalani. Rula alilazimika kuichora mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, na rula yake ikiwa imenyooka.

Jumatano lori lilikuja. Likaja tena Alhamisi, mara nne. Lilijaza kichochoro kama mkate ulioumuka kwenye chombo chake, likiwa limesheheni majani ya bustani za watu, na mvujo wake ulidondoka njia nzima, mzito, wa kijani, ukikutana na maji ya rangi ya chai yaliyokuwepo. Matairi yalipita juu ya lundo. Lundo likaruka. Likatua milangoni, kwenye vizingiti vya madirisha, kwenye mswaki wa mtu aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini. Gauni lile la sherehe, ambalo mama alikuwa amelifua mara saba na kulitundika likauke, lilipata tumbo la samaki kifuani, mahali ambapo wengine huweka ua.

Gia aligeuza kichwa kuelekea dirishani. Alikuwa mbali, katikati ya kochi lake, na ilibidi apaze sauti.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Simama basi uchukue."

"Ratiba imeandika kupita. Kusimama haikuandika."

"Simama hivyo hivyo. Nani atajua?"

"Nikisimama wakakasirika, wataandika kwamba nimekufa," alisema Gia. "Na wewe unazijua karatasi za hawa watu."

Mama aliona ana haki. Alimpungia mkono apite, akalivua lile tumbo la samaki kwa vidole viwili, akarudi ndani ubavu ubavu. Wiki hiyo mteja wa kumi alikuja kuchukua kitambaa chake. Mama alifunika mashine kwa kanga, na kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa, alisimama karibu nayo mchana kutwa.

Rula alipanda tena ghorofa ya pili. Mkurugenzi alikuwa na furaha. Taarifa yake ilisema kichochoro kilichokuwa hakipitiki sasa kinapitiwa na lori mara ishirini kwa wiki, na hakuna mtaa mwingine mjini uliofikia hapo, hata anakoishi yeye.

"Halizoi, mkubwa. Linapita tu, na linamwaga."

"Umesoma taarifa?"

"Nimesoma."

"Imeandika limemwaga?"

"Haikuandika."

"Basi lazima iwe ni harufu ya zamani." Alilamba kidole, akahesabu fomu arobaini na sita, akamkabidhi. Zote zilikuwa wazi mahali pa upana. "Hivi vingine usivifanye vyote siku moja. Watu hawapendi kushtuliwa."

Jioni Rula aliondoka na fomu zile kwenye begi, akapitia kwa mama yake. Hakuwa amekusudia kumwonyesha mtu. Lakini nje ya ukuta alikuta watu wanane wa kichochoro cha pili, wamesimama kwenye ute hadi vifundoni, wamevaa nguo safi kama watu wanaokwenda kuomba kitu. Mbele yao alisimama mama mtu mzima muuza vyombo.

"Tumesikia wewe ndiye unayeandika," alisema. "Kwetu lundo limefika kwenye paa, mwanangu. Na lori hatulioni hata kwa mbali. Hawa wenzetu walau linawapitia."

"Linapita tu," alisema Rula. "Halichukui. Mwulize mama."

Mama yake alikuwa ametoa kichwa mlangoni. "Halichukui," alisema.

"Tumejua. Lakini linapita." Muuza vyombo aliwatazama wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. "Vitanda tumeshavisimamisha. Watoto tumewazoesha kulala wamesimama, wala hawalii. Tuandikie na sisi."

Lori likatokea mwanzo wa kichochoro, likienda jalalani safari ya mwisho. Wote tisa, Rula akiwemo, waligeuka, wakabana migongo ukutani, wakavuta matumbo ndani, wakafumba midomo. Lilipita. Maji ya taka yaliwamiminikia mabegani na hakuna aliyejifuta, maana lilikuwa bado halijamalizika. Lilipomalizika walirudi mahali pao.

"Tulikuwa tunajiuliza," alisema muuza vyombo, akitoa kitu sikioni. "Mita sita zinatosha, au tuombe saba kabisa?"

Rula alifungua begi. Alifikiria mita za kuongeza, akazigawa kwa mbili, akatoa kwenye kina cha nyumba zao.

"Ombeni sita," alisema. "Saba hazitawaachia pa kusimama."