Kiti cha Nyuma Katika Gari la Nyota

Jumapili, ibada ilipokwisha, Linah alipita nyumbani akajaza themosi maziwa ya moto, akavua viatu vya kanisani na kuvaa raba, kisha akateremka hadi banda la video la Ogola, mtaani Kaptembwo, Nakuru, kumtazama mwanawe. Alifika mapema kwa sababu benchi la mbele hujaa upesi. Banda lilikuwa la mabati, mianya imezibwa kwa magunia ili jua lisiingie, na ndani mlinuka vumbi na njugu za kukaanga.

Kibii, mwanawe huyo, alianza kuonekana kwenye filamu wiki ya pili baada ya kuchukuliwa.

Wa kwanza kumwona alikuwa Zeddy, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, naye alikasirika. "Ameharibu filamu," alisema. "Kile kiti kilikuwa kitupu miaka yote hii. Nani alimwambia akikalie?"

Filamu yenyewe waliiita Gari la Nyota. Jina lake halisi hakuna aliyelijua, kwani diski ilikuwa imekwaruzika mwanzoni, na maneno yake Ogola aliyazima tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyesema badala ya wote: nahodha, roboti, jitu la kijani, hata king'ora. Alisimama kando ya shuka jeupe lililokuwa skrini, maikrofoni mkononi, akawapa watu wa angani majina ya Nakuru na matusi ya stendi. Jitu la kijani lilikuwa limetoka Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma, na halikutaka kuitawala dunia. Lilitaka mbavu tu, na ziive vizuri. Vijana waliipenda filamu ya Ogola kuliko ile halisi iliyokuwa kwenye diski. Immaculate, fundi cherehani, aliwashonea ovaroli za rangi ya fedha kwa kitambaa cha mapazia. Wakaokota humo salamu yao: mmoja aulize "Injini?" na mwenzake ajipige kifua na kujibu "Inawaka!" Ukijibiwa hivyo, hata na mtu wa Njoro ambaye hujawahi kumwona, huyo ni ndugu. Unamsogezea benchi, unampa njugu.

Nyuma kabisa ya chombo palikuwa na kiti kisichokaliwa na mtu. Mashabiki walibishana juu yake mpaka urafiki ukavunjika na kuungwa tena. Ogola alisema mwenye kiti ameenda haja. Mwishoni chombo kilishika moto, nahodha akaamuru sehemu ya nyuma ikatwe, nayo ikaelea gizani na kile kiti chake, na watu wote wakaokoka. Hapo banda zima lilisimama, likapiga makofi na kupaza sauti: "Imeenda tupu!"

Siku ya maandamano Kibii aliondoka nyumbani na ovaroli yake ya fedha, helmeti ya karatasi ngumu, na bango lililouliza dawa za hospitali zimepaa kwenda sayari gani. Watu walicheka, wakampiga picha, picha zikasambaa. Juma lililofuata gari jeupe lisilo na namba lilisimama mbele ya duka la maziwa la mamake. Mtu aliteremsha kioo.

"Injini?" akauliza.

Kibii akajipiga kifua. "Inawaka!"

Mlango wa gari aliufungua mwenyewe. Linah alikuwa akimpimia mteja maziwa lala. Alimwona mwanawe akiingia huku anatabasamu, akadhani ni wale wenzake wa filamu, akamwambia asichelewe chakula.

Kila kituo cha polisi alichokwenda kilimwambia hakina mtu kama huyo. Zeddy alipokuja kumweleza Kibii yuko wapi, Linah, ambaye zamani aliiita filamu hiyo kazi ya watu wasio na ng'ombe wa kukama, alifunga duka akaenda. Alimkuta Kibii kwenye kiti cha nyuma, ovaroli imechanika mkono mmoja, midomo imekauka. Linah alimtazama kwa muda.

"Hajanyolewa," alisema.

Tangu hapo hakukosa Jumapili. Alimimina maziwa kwenye kifuniko cha themosi, akakiweka sakafuni chini ya shuka, na filamu ilipokwisha kifuniko kilikuwa kitupu. Hilo lilimpa nafuu kidogo.

Kibii alisema mambo, lakini hakusikika. Ogola alipofungulia sauti ya diski, ilitoka ya injini tu. Siku ya kwanza Ogola alijaribu kumsaidia. "Mathe, usijali," alisema kwenye maikrofoni, "huku tunakula chapo kila siku."

"Ogola," Linah akamwambia, "mwanangu usimsemee."

Ikawa Kibii akifungua kinywa, Ogola anafunga chake. Makofi ya mwisho nayo yalikoma. Mara moja Linah aliomba filamu isimamishwe kabla ya sehemu ya nyuma kukatwa. Ogola alizima projekta, akang'oa na waya wa stima. Picha ikaendelea kwenye shuka mpaka mwisho, na Kibii akaelea gizani kama kawaida.

Basi Linah alirudi kituoni, akaeleza kwamba mwanawe amepatikana, na mahali alipo. Askari wa zamu aliandika bila kuinua macho, akauliza banda linafunguliwa saa ngapi.

Jumapili hiyo alikuja Inspekta Kimaiyo wa kituo hicho, bila sare, kwa shati la maua. Alisimama mlangoni, akangoja macho yake yazoee giza.

"Injini?" akauliza.

"Inawaka!" banda likajibu, na mikono ilikuwa vifuani kabla ya vichwa kufikiri. Zeddy akamsogezea benchi. Immaculate akamnyooshea njugu. Linah peke yake hakujibu. Sauti ile alikuwa ameisikia akiwa na kipimo cha maziwa mkononi.

"Afande," Immaculate aliuliza polepole, "hiyo salamu ulifunzwa na nani?"

"Nyinyi ni watu maarufu," alisema Inspekta. "Weka filamu, boss."

Ilipowekwa, Inspekta alicheka panapochekesha. Jitu la kijani lilipodai mbavu alijipiga paja. Kisha chombo kikaonekana kwa ndani, na kiti cha nyuma.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye," alisema Linah.

"Anaonekana mzima."

Kibii aliinuka. Hakuwa amewahi kuinuka. Alipita katikati ya mabaharia wa angani, ambao walimpisha, akaja mpaka uso wake ukalijaza shuka, akanyoosha kidole kwenye benchi la pili. Waliokaa kando ya Inspekta wakajisogeza. Inspekta aliinama kuokota njugu iliyoanguka, na kidole kikamfuata chini, kikarudi naye juu. Midomo ya Kibii ilikuwa ikisema neno moja, ikilirudia.

Watu wote walimgeukia Ogola.

"Leo msemee," Linah akamwambia.

"Ndiyo, boss," alisema Inspekta, naye akageuka. "Anasemaje?"

Ogola aliinua maikrofoni. Huyu ni mtu aliyewahi kusema kwa niaba ya majitu, mashine na mwezi. Alilamba midomo.

"Anasema," alisema, "anasema kule Bahati kutanyesha."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa mazoea, akanyamaza.

"Basi kazi imekwisha," alisema Inspekta. "Mtu anayeonekana kila Jumapili, mbele ya mashahidi, hatuwezi kusema amepotea. Faili tunafunga."

"Afande, mtoto wangu anakuonyesha wewe kidole."

"Naona, mama. Mkono una nguvu. Shukuru Mungu, kuna wazazi hata picha hawana."

"Mlimpeleka wapi?"

"Si huyo hapo?" Alimgusa bega kwa upole. "Keti, mama, tumalize. Kuna kijana aliniambia mwisho ndio mtamu."

Linah aliketi. Hakujua la kufanya zaidi ya kuketi. Kwenye shuka king'ora kililia, na Kibii akarudi kwenye kiti chake, akafunga mkanda, kidole bado kimenyooka. Moto ulishika. Nahodha akatoa amri. Sehemu ya nyuma ikakatika, ikaenda ikipungua mpaka ikawa sawa na punje ya mtama.

Mtu mmoja alisimama, akapiga makofi.

"Imeenda tupu!" alisema Inspekta Kimaiyo, akawatazama wengine akishangaa mbona hawasimami.

Aliipenda. Jumapili iliyofuata alirudi, amebeba kipande cha kitambaa cha fedha ili Immaculate amshonee ovaroli, naye Immaculate akampima mabega. Kisha Inspekta akajiweka mahali pake kwenye benchi la pili.

"Injini?" akauliza.

Mikono ilibaki mapajani. Akauliza tena.

"Inawaka," wakajibu, mmoja mmoja.

Linah alimimina maziwa kwenye kifuniko, akakiweka chini ya shuka mahali pa siku zote, akamwambia Ogola aanze kabla hayajapoa.