Ya Upepo au ya Umeme

Fundi Kioo alipewa jina hilo kwa sababu gari likitoka mikononi mwake, mwenye gari angeweza kunyoa ndevu akijitazama mlangoni. Utani wa mafundi huo, lakini haukuwa mbali na ukweli. Sasa mashine yao ya zamani ya kung'arisha rangi ilikuwa imekata roho, na duka la vifaa lilikuwa limewaazima mbili wazijaribu: moja ya upepo, moja ya umeme. Mdogo wake, mwenye karakana, alimwambia, "Kaka, utakayoichagua ndiyo nitakayonunua. Mkono wako ndio unaojua."

Mkono! Laiti angejua. Ilikuwa miezi minne sasa tangu vidole vya mkono wake wa kulia vishikwe na ganzi, na fundi wa watu akaisingizia mashine ile kongwe na mtetemo wake. Hakumwambia mtu, hata mkewe, aliyeshangaa tu kwa nini siku hizi vifungo vya shati anavifunga kwa kushoto. Alijipa moyo kwamba mashine mpya ikija, mkono utarudi. Matumaini yake yote aliyaweka hapo, maskini.

Alianza na ya upepo, juu ya boneti la gari bovu. Nyepesi, haichoshi bega, ila kompresa ya kuisukumia upepo ilihema na kasi ikashuka katikati ya kazi.

"Hii inataka kubembelezwa," alisema, na mdogo wake akacheka. Vidole vilikuwa vilevile.

Akashika ya umeme. Nzito, lakini kasi haiyumbi. Akaisogeza taratibu, akisubiri kuhisi chochote, hata maumivu. Wapi.

"Rangi haijapata moto?" mdogo wake aliuliza.

Fundi alizima mashine, akalaza kiganja kwenye boneti kama alivyofanya miaka ishirini. "Bado. Baridi kabisa."

Mdogo wake naye akagusa, akarudisha mkono haraka akipuliza vidole. Pale ilipopita pedi ya mashine, rangi ilikuwa imeungua mpaka ya chini ikachungulia. Kiganja cha kaka yake kilikuwa bado kimelala palepale.

"Kaka, toa mkono."

Akautoa.

"Tangu lini?"

Fundi alikitazama kiganja chake. Aliogopa, aliogopa kwelikweli. Mashine zote mbili zilikuwa mbele yake, nzima, hazina kosa lolote.

"Chagua wewe," alisema. "Atakayeishika ni wewe."