Troli ya Baba Apondi

Kwanza niseme: sikuiba. Najua kila mwizi huanza hivyo, lakini mimi ni mtu wa hasira, na mtu wa hasira hana subira ya kutunga uongo. Ile troli ilifika kwetu Mbotela siku ya Jumamosi nikiwa ofu, sina zamu, niko Gikomba nachagua viatu vya shule vya binti yangu Akech. Niliporudi saa kumi nikaikuta imesimama karibu na bomba la maji, namba 417 ubavuni, na baba yangu ameishikilia.

Kazi yangu ni kukusanya troli kwenye uwanja wa ndege. Watu hudhani troli hujirudisha zenyewe. Abiria anashuka, anachukua moja bure, anapakia masanduku yake, anasukuma mpaka kwa gari, halafu anaiacha katikati ya njia na kwenda zake. Aki watu! Hata kuisogeza kando hawezi. Sisi ndio tunazifuata huko parking, tunazichomeka moja ndani ya nyingine hadi kumi na tano, tunazisukuma kuzirudisha pale masanduku yanapotokea. Kila eneo lina watu wawili, na zamu ikiisha troli zote za eneo lazima zionekane. Ikikosekana moja, wa eneo hilo ndiye wa kujibu. Jumamosi ile parking ilikuwa ya Dishon peke yake, kwa sababu mwenzake ni mimi, na mimi nilikuwa sokoni nabishana na muuza viatu.

Sasa ilifikaje Mbotela? Sikieni. Winny, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa anarudi kutoka Qatar baada ya miaka minne. Na sisi mnatujua, mtu wetu akirudi hapokewi na mtu mmoja. Watu wote wa laini yetu ya nyumba walipanda pickup ya Caleb, kaka yake Winny, na akina mama wa kanisa wakabeba kayamba. Wakasema Baba Apondi, yaani baba yangu, naye haachwi, maana ndiye aliyemwombea Winny siku ya kuondoka. Wakambeba mzima mzima kutoka kitandani, wakamketisha mbele na Caleb.

Baba yangu, Mzee Jackton, alifanya kazi ya reli miaka thelathini na minne. Miaka miwili iliyopita aliteleza hapo hapo bombani, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo dunia yake ikawa kitanda, kiti na ukuta. Tulimpatia ile fremu ya hospitali yenye miguu minne, lakini huku kwetu njia ni mashimo na matope. Fremu inazama, na mzee naye anainama nayo. Choo chetu kiko nje, cha watu wote. Mtu aliyeongoza treni kutoka Nairobi mpaka Kisumu alikuwa anabana mkojo tangu niondoke asubuhi mpaka nirudi jioni nimshike mkono. Hakutaka mwingine amshike. Mara nyingine nilichelewa. Siku hizo nilifua shuka tu.

Basi huko uwanjani wakampa troli aegemee, amfikie Winny. Hizi troli zetu ukikandamiza mshikio zinaenda, ukilegeza zinasimama papo hapo. Kwa abiria ni kero. Kwa mzee mwenye nyonga mbovu ni kama kushikwa na mtu asiyechoka. Baba akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akavuka barabara. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka Winny mwenyewe akasahaulika na masanduku yake. Walipofika kwa pickup, baba akakataa kuachilia. Wakamwomba, ng'o! Basi wakamwinua yeye pamoja na troli, wakawapakia wote nyuma wakiimba. Winny aliuliza kama hilo linaruhusiwa. Mama mmoja akamjibu, "Si ni ya kina Apondi? Atairudisha Jumatatu."

Hapo ndipo pa kucheka na kulia. Kwa watu wetu, ukishaandikwa kazi mahali, mahali pale ni kwenu. Baba alipokuwa reli, laini nzima iliamini mabehewa ni yetu.

Nilipoiona pale bombani nilifoka. Nilisema maneno ambayo hayasemwi mbele ya mzazi. Niliita watu wajinga, niliuliza ni nani alikuwa na akili siku hiyo, hata mmoja tu. Baba aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Nyara, nimeenda choo. Peke yangu. Mara mbili."

Nyara ni binti yangu, kwa lugha yetu. Nikasema itarudi Jumatatu.

Jumatatu alikuwa amefika kwa kinyozi Seth pale getini, akakaa na wazee wenzake mpaka saa sita. Jumanne alitembea mpaka Jogoo Road kuangalia magari. Magari tu! Alirudi akinisimulia lori lililobeba ng'ombe utadhani ametoka safari ya Ulaya. Jumatano nikasema kesho. Alhamisi nikasema kesho. Niwaambie ukweli, nilikuwa na furaha. Nilirudi nyumbani bila ule mzigo kifuani wa kujiuliza nitakuta nini kitandani.

Ijumaa, hesabu za zamu zote za wiki zilipolinganishwa, Dishon akaitwa ofisini. Supavaiza wetu, Ndirangu, si mtu mbaya, ila kichwa chake kimejaa namba na hakina nafasi ya kitu kingine. Alimuuliza 417 iko wapi. Dishon akasema hajui. Akaambiwa akae nyumbani, Pumwani, mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, saa nne, aje aeleze au aage.

Jioni hiyo akanipigia simu. "Apondi, ile kitu iko poa?"

"Kitu gani?"

"Wacha hizo. Nilimwona mzee wako. Nilikuwa hapo tu, karibu na mlingoti. Alikuwa anatembea, na wewe uliniambia hatembei. Ningemnyang'anya aje? Nilijua utairudisha."

Dishon hakuwa amenitaja kwa Ndirangu. Hata kidogo. Ningependa anitukane, lakini Dishon yule hana matusi, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Kuanzia hapo nilibanwa. Nifanye nini? Niirudishe, niseme nimeiokota njiani? Langoni kila kitu kinaandikwa, na hata nikiaminiwa, Dishon bado ndiye aliyelala kazini ikatoka. Niseme ukweli? Sheria ya kampuni yetu ni fupi: mali yake ikikutwa nyumbani kwa mfanyakazi, mfanyakazi huyo hana kazi tena. Kwangu ni mimi, Akech na baba, na anayeleta unga ni mmoja. Ninyamaze? Basi Dishon aende, na yeye ana watoto watatu. Usiku sikulala, mchana niligombana na kila mtu, mpaka abiria mmoja akaniambia nisiwasukumie watu troli kama nataka kuwavunja miguu. Alikuwa na haki.

Alhamisi jioni nilimwambia baba. Nilimwambia kwa hasira, kama kwamba ni yeye aliyenikosea. Nilisema, "Kesho mtu anafukuzwa kazi kwa sababu ya hii chuma yako." Akauliza ni nani. Nikamwambia. Akauliza kama Dishon ana familia. Nikamwambia.

Aliufutafuta mshikio kwa kiganja. Kisha akasema, "Miaka thelathini na minne sikupoteza hata filimbi ya reli." Baadaye akaongeza, "Wewe kesho nenda kazini kama kawaida. Ukiniona, hunijui."

Nilikataa. Tulibishana. Lakini nisidanganye, sikukataa kwa nguvu zote. Kuna mahali ndani yangu palipopumua, na mahali hapo napaonea aibu mpaka leo.

Ijumaa saa nne na dakika chache nilikuwa parking nimeshika laini ya troli kumi, macho kwenye ofisi ya Ndirangu. Ni chumba kidogo cha vioo, mlango wake huwa wazi kwa sababu ya joto. Dishon alikuwa amesimama ndani, amevaa shati la kanisani. Kisha nikaona pickup ya Caleb ikisimama pembeni. Caleb akateremsha troli, akamteremsha baba, akamsimamisha. Hata hajafunga mlango, askari alikuwa juu yake: hapo si pa kusimama, ondoa gari, zunguka! Caleb akaondoka, na baba akabaki peke yake na 417.

Akaja. Polepole, koti lake la reli limefungwa vifungo vyote. Alinipita karibu kiasi cha kunigusa, na hakunitazama.

"Mimi ndiye niliyechukua troli yenu," alimwambia Ndirangu akiwa mlangoni. "Huyu kijana hana kosa. Nilikuja kupokea jirani, nikaishika, nikakataa kuiachilia. Nimeirudisha."

Ndirangu alitoka, akasoma namba, akaisoma tena. Uso wake ulifunguka. Jamani, mtu anaweza kufurahia chuma hivyo? "Mzee, umetuokoa," akasema. Akamletea daftari mezani, akamwonyesha pa kuandika jina, kijiji na sahihi. Akamgeukia Dishon. "Wewe rudi kazini kesho. Lakini ufungue macho."

Dishon akanitazama kupitia kioo. Mimi nikatazama chini.

Baba aliandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kwenye mshikio. Alipomaliza, Ndirangu akapiga kelele: "Apondi! Kuja uchukue hii, uichomeke kwa laini kabla haijapotea tena."

Nilienda. Baba alihamisha mkono wa kushoto, akashika ukingo wa meza, kisha wa kulia. Akaniachia mshikio. Ulikuwa bado na joto la viganja vyake.

"Asante, madam," akaniambia. Baba yangu.

Niliisukuma nje. Niliichomeka ndani ya ile ya kumi, ikalia kwa nguvu, na hapo ikawa troli kama troli nyingine zote. Nikarudisha macho ofisini.

Baba hakuwa amesogea.

"Basi, mzee, uko huru," Ndirangu alikuwa anasema. "Hatukupeleki popote. Nenda nyumbani."

"Naenda," baba akasema.

Hakwenda. Vidole vyake vilikuwa vimeukamata ukingo wa meza, na mguu mmoja ulikuwa unatetemeka ndani ya suruali. Dishon alisogea amshike, baba akatikisa kichwa. Kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua nne. Kutoka mlangoni hadi pale Caleb angeruhusiwa kusimama ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa miguu. Alikuwa ameshughulikia kila kitu, mzee yule. Jinsi ya kuja, la kusema, pa kuweka sahihi. Jinsi ya kutoka hakuifikiria, au aliifikiria na bado akaja.

"Una shida, mzee?" Ndirangu akauliza. "Kiti cha magurudumu ni cha abiria mwenye tiketi, sasa..."

"Sina shida. Napumzika tu."

Abiria wawili wakasimama kuangalia. Halafu nikaona suruali ya baba ikilowa, kutoka juu kuteremka, na yeye akiinua kidevu na kutazama ukutani, palipokuwa na kalenda, kana kwamba anasoma tarehe.

Niliacha laini yangu ya troli katikati ya njia. Niliingia ofisini, nikavua vesti ya kampuni ninayovaa juu ya nguo, nikamfunga kiunoni kwa mbele, nikamgeuzia mgongo na kuchuchumaa.

"Baba," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "shika shingo."

"Sikujui," akanong'ona. "Nenda kazini, mama. Mimi sikujui."

"Shika shingo, Baba!"

Akashika. Nikainuka naye. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko nilivyokumbuka, na alikuwa analia nyuma ya sikio langu bila sauti. Ndirangu alikuwa amesimama mlangoni, daftari mkononi, akinitazama mimi, kisha jina la Jackton alilotoka kuliandika baba, ambalo ndilo jina langu la pili, kisha mimi tena.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni baba yangu," nikasema. "Andika. Halafu sogea nipite."