Maua Mangapi

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Mtinko, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye kiburi cha mtu aliyevaa viatu peke yake darasani. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo shangazi Dorkas, dada wa baba, aliyenilea mama alipofariki. Alitaka jambo moja tu: ajue kuandika jina lake kabla ya siku ya kuandikishwa kijijini, asichovye tena kidole kwenye wino. Alikuwa ameshafika herufi ya tatu.

Siku hiyo alikuja na kishada cha maua ya porini, yale madogo ya manjano ambayo wanawake wa kwetu huyatia kwenye kihenge ili mtama usiingiwe na wadudu. Darasa zima likanukia. Nikachukua moja, nikaliinua, nikauliza, "Haya, hapa pana maua mangapi?" Nilitaka waseme moja, niandike moja ubaoni.

"Mengi," akasema shangazi.

"Tazama vizuri, shangazi. Ni moja."

"Mengi, baba. Yamekaa kichwa kimoja tu. Kila moja linatoa mbegu yake."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, nikasema, "Mnaona? Ndiyo maana tumeletewa kisomo!" Watu wakacheka kwa sababu mwalimu amecheka. Shangazi akakusanya maua yake, akayafunga kwenye pindo la kanga, na kipindi kilipoisha akaenda zake. Hakurudi tena.

Wiki mbili baadaye bwana shamba Urbano alipita nyumbani kwangu, akaliona lile ua nililobaki nalo mkononi limekaukia dirishani, bado linanukia. Akalipasua kwa wembe.

"Hili ni la jamii ya alizeti," akasema. "Wataalamu wameliweka huko kwa sababu hii hapa: unachokiita ua ni kichwa, na ndani yake yamebanana maua madogo mengi. Kila moja na mbegu yake."

Mimi, mtoto wa Singida, niliyekua nikitafuna mbegu za alizeti! Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Ilinipasa niende kwa shangazi siku ileile, na kwake si mbali na shule. Nikasema kesho. Kesho ilipofika nikasema Jumapili. Niliogopa kuonekana mwalimu asiyejua, na woga huo ndio unaonitia aibu zaidi hadi leo.

Siku ya kuandikishwa niliwekwa mezani na daftari, kalamu na wino. Foleni ikasogea, akafika yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwalimu." Siku zote aliniita baba.

Nikamsogezea kalamu, nikasema kwa sauti ili watu wasikie, "Shangazi, yalikuwa mengi. Niliyekosea ni mimi."

"Nilijua," akasema. Akaitazama kalamu. "Lakini niliishia herufi ya tatu."

Akaninyooshea kidole gumba, nikakishika mwenyewe, nikakichovya kwenye wino.