Mpira Mweupe

Walimwita Sindano kwa sababu alipenyeza mpira mahali ambapo hata wembe ungeomba njia. Kwa mchezo wa pool, ule wa kutumbukiza mipira ya mezani kwa fimbo, alijenga nyumba, akasomesha watoto, akamwoa dada wa nahodha wa timu ya taifa. Kazi nyingine hakuijua. Na sasa ukungu ulikuwa umemwingia machoni, naye hajamwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema hivyo kila siku, lakini nani huusikiliza usemi huo siku unapomhusu?

Mkewe alishamshtukia.

"Baba watoto, juzi umemwamkia mpangaji ukidhani ni kaka yangu. Twende hospitali ya macho."

"Mashindano yakiisha."

"Yakiisha haya yanaanza mengine."

"Basi na hayo yakiisha."

Mipira myekundu aliiona vizuri, ndiyo maana siku hizi alipenda rangi hiyo iwe yake ya kutumbukiza mashimoni. Balaa lilikuwa ile ya njano. Machoni pake ilikuwa pacha wa mpira mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo kwenda kuigonga mingine. Kwa hiyo aliukariri mweupe: uliposimama, akauweka kichwani, akaizunguka meza polepole huku akipaka chaki. Watazamaji walinong'onezana, "Mwone fundi, anapiga hesabu." Hesabu gani! Fundi wa watu alikuwa anatafuta mpira.

Jumamosi ile mchana ilibaki nafasi moja tu katika timu, na walioigombea walikuwa wawili: Sindano na kinyozi mmoja waliyechuana naye tangu ujana. Mchezo ulikwenda hadi Sindano akabakiza mweusi peke yake, wa ushindi. Kinyozi alibakiza mipira miwili ya njano. Kinyozi akapiga, akakosa, na wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Sindano akageuza kichwa kutazama kama ni mkewe. Alikuwa yeye. Lakini aliporudisha macho mezani, mweupe ulikuwa umeshasimama, na hakujua wapi.

Akazunguka meza. Akazunguka tena. Mwisho akajipa moyo, akainama, akapiga kwa ustadi wake wote. Fimbo ikagonga mpira wa njano.

Ukumbi ukaangua kicheko. Walidhani anamkejeli kinyozi.

"Shemeji, acha utani, hii ni mechi!" nahodha alipiga kelele.

Sindano naye akacheka, maana angefanya nini? Kinyozi peke yake hakucheka. Kupiga mpira usio mweupe ni kosa, na zamu ikawa ya kinyozi. Mpira mmoja wa njano ulikuwa mdomoni mwa shimo, mtu angeweza kuutumbukiza kwa kupiga chafya. Akaukosa. Alipompita Sindano akamnong'oneza, "Mweupe uko karibu na tumbo lako, ndugu yangu. Mweusi uko kona ya mbele, kushoto."

Sindano akapiga. Mweusi ukaingia, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona hata siku aliposhindwa vibaya. Ameonewa huruma! Katika mchezo wao mchezaji hujitaja mwenyewe. Ukigusa mpira kwa mkono wa shati na hakuna aliyeona, unainua mkono, unasema nimekosa. Maisha yake yote alikuwa ameinua mkono.

Nahodha alikuja kumkumbatia. "Nafasi ni yako, shemeji!"

"Mpe kinyozi."

"Umelewa?"

"Sikuwa natania pale. Sikuuona mpira mweupe. Hata huu ushindi nimeonyeshwa njia."

Nahodha akacheka mpaka akashika mbavu. Kwake, shemeji huyu kwa mzaha hakuwa na mwenzake. Akaokota mipira miwili mezani, akaificha mgongoni, kisha akainyoosha mikono mbele ya pua ya shemeji yake.

"Haya, kipofu wangu. Mweupe uko mkono upi?"

Watu wakasogea, wakiwa wamekenua meno. Sindano akatazama mkono huu, akatazama ule. Akainama hadi paji la uso likakaribia kugusa vidole vya nahodha. Alichukua muda, kwa sababu alitaka kusema kweli.

"Wa kulia," alisema.

Kicheko kikakatika. Nahodha alikuwa ameshika mipira miwili ya njano, na hakujua aipeleke wapi. Mke wa Sindano alikuwa ameshaanza kupenya katikati ya watu, kiganja mdomoni.

"Mbona kimya?" Sindano aliuliza. "Nimepatia?"